Mwanafunzi wa Mzee Nukta

Mzee Nukta alikuwa fundi makochi. Jina hilo la Nukta alipewa na majirani, kwa sababu mazungumzo yakimfikia yeye yanakoma. Ukimwambia leo kuna joto, anasema ndiyo. Hapo umeshamaliza. Ukitaka zaidi, nenda kwa kinyozi.

Kazini alikuwa na kisingizio. Fundi makochi huweka misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, maana mkono mmoja umevuta kitambaa na mwingine umeshika nyundo. Mtu mwenye misumari mdomoni hadaiwi soga. Tatizo ni kwamba jioni misumari ilirudi koponi, na mdomo ukabaki vilevile.

Aliyezungumza katika nyumba ile alikuwa mkewe. Alizungumza kwa niaba ya wote wawili, na kwa niaba ya jirani kama jirani hayupo. Kisha akafa, bila kuuliza mtu. Nyumba ikanyamaza kama redio iliyochomolewa.

Hapo ndipo mdogo wa kike wa Mzee Nukta alipopata wazo. Mama huyu alikuwa na mawazo mengi, na yote yalihusu maisha ya watu wengine. Nyuma ya mtaa wao kulikuwa na chuo kinachofundisha Kihispania, lugha ya wenyeji, kwa wageni kutoka nchi za mbali, na chuo kilitafuta familia za kuwapokea. Mgeni analala hapo, anakula hapo, na kubwa zaidi anazungumza na wenyeji, kwa sababu lugha, walisema wakuu wa chuo, hushikwa mezani. Sharti lilikuwa moja: familia iwe changamfu. Mama yule akafikiria familia changamfu, akamwandikisha kaka yake.

Mwalimu wa chuo, mwanamke mpole mwenye miwani, alikuja kukagua nyumba. Akauliza familia ina watu wangapi.

“Yupo kaka yangu,” dada mtu akajibu.

“Na wengine?”

“Yeye anatosha.”

Mzee Nukta alitaka kukataa mpango mzima, lakini kukataa kungehitaji sentensi kamili. Akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaondoka ameridhika kwamba mwenyeji ni mtu msikivu.

Mgeni alifika na sanduku kubwa na kitabu kikubwa zaidi. Alikuwa msichana aliyetumwa na chuo kikuu cha kwao, mwembamba, mwenye adabu. Akasimama mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni, “Habari za jioni, mzee. Mimi ni mwanafunzi. Mvua inanyesha.” Nje jua lilikuwa kali. Kitabuni ndiko mvua ilikokuwa inanyesha.

Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani kando ya jiko. Mzee alikuwa ameitenga stoo ile na jiko kwa ukuta wa mbao nyembamba, tena kwa mikono yake, na mkewe alimwambia siku ileile kwamba ukuta huo hauzuii hata harufu ya kitunguu. Alimjibu ndiyo.

Dada mtu ndiye aliyeeleza sheria. Katikati ya muhula kuna mtihani wa mazungumzo. Anayevuka anaingia kiwango cha kati na anabaki kwenye nyumba aliyomo. Anayeshindwa anahamishwa, anapelekwa kwa familia inayosema zaidi. “Kwa hiyo kaka, ukimnyima maneno watamchukua,” akaonya.

Mzee Nukta alisikia hayo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akapata usingizi mzuri. Maisha yake yote hakuwahi kupewa kazi inayomfaa namna hiyo. Alichotakiwa kufanya ili nyumba irudi kuwa yake ni kunyamaza.

Akaifanya kazi kwa bidii. Mezani msichana aliinua kijiko na kuuliza, “Hiki ni nini?”

“Kijiko.”

“Kijiko ni cha kazi gani?”

Mzee akatazama kijiko, akatazama bakuli. “Supu,” akasema, na posho ya maneno ya siku hiyo ikaisha.

Kesho yake akaulizwa kama anapenda zaidi mjini au shamba, na kwa nini. Akasema hajui. Akaulizwa angekuwa tajiri angefanya nini. Akasema angelala. Msichana alimshukuru kwa kila jibu, kama mtu anayepewa sukari kwa chembe, akarudia neno taratibu mpaka likakaa. Mzee akawa anamhurumia kidogo. Kidogo tu.

Asubuhi lakini mambo yalikuwa mengine. Mzee aliingia jikoni peke yake, akafunga mlango. Nyuma ya mlango huo, kwenye msumari, ilining’inia aproni ya bluu ya marehemu, na mfukoni mwake bado mlikuwa na vibanio vya nguo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mzee aliweka birika la kahawa motoni, akavuta kigoda, akafungua mdomo.

“Umeamkaje, mwenzangu? Mimi mgongo, usiniulize. Jana kaja yule mwenye duka la dawa na kochi lake, anataka kitambaa cha maua. Nimemwona mtu mzima anataka kukaa juu ya bustani. Mdogo wangu naye kapita, kanipa mawazo mengine. Na wewe mbona kimya, umenuna?”

Yule mtu asiyekuwa na la kusema alisema mpaka kahawa ikachemka. Aliisimulia aproni habari za wateja, za bei ya sponji, za jirani na mbwa wake. Zaidi ya yote alilalamika kuhusu mgeni. Nyuma ya ukuta wa mbao alimsikia msichana akikariri: nilikula, ulikula, alikula. Hakujali. Mtu anayekariri kula kama mtoto wa chekechea atasikia nini cha watu wazima?

Asubuhi moja akalalamika kwamba mgeni anaacha wazi dirisha la bafuni. “Kwao hakuna upepo?” Jioni dirisha lilikuwa limefungwa.

Akalalamika kwamba vikombe anavifudikiza wakati marehemu alikuwa akivilaza kwa ubavu. Siku hiyohiyo vikombe vyote vikalala kwa ubavu, vimepangwa kama watoto wa bweni.

Akalalamika kwamba mgeni anakata mkate kama anayepasua kuni. Chakula cha jioni kilikuja na vipande vyembamba hata unaweza kumwona mtu upande wa pili.

Mzee Nukta akakaa akafikiri. Kwamba msichana anayeishi kwenye nchi ya Kihispania, anayesomeshwa Kihispania mchana kutwa, huenda sasa anaelewa Kihispania, hilo halikumgusa akilini. Lilikuwa mbali mno. Lililo karibu ni kwamba marehemu anamsikia kutoka alikolala, na anakuja kumwelekeza mgeni. Mzee akaridhika na hesabu hiyo. Kilichomshangaza ni kasi tu. Mkewe alipokuwa hai, mzee alimwomba miaka mingi asitie karafuu kwenye chai na akatia mpaka mwisho.

Basi akaanza kuagiza. Akaiambia aproni kwamba redio ya mgeni inapiga kelele, redio ikashuka. Akaiambia kwamba supu ya jana ilipungua chumvi, chumvi ikawekwa mezani karibu na mkono wake. Akawa anaamka mapema zaidi, ananyoa ndevu kabla ya kuingia jikoni. Huku mezani maswali ya msichana nayo yalikuwa yamekua. Siku hizi hakuuliza habari za kijiko. Aliuliza kwa nini sponji nzuri inarudi ikibonyezwa na mbovu hairudi. Aliuliza alimpataje mkewe. Mzee alijibu la kwanza kwa maneno kadhaa, akajishtukia. La pili akalijibu kwa kunywa maji.

Jioni moja msichana akakaa kwenye kiti cha marehemu.

Hakujua, au alisahau. Kilikuwa kiti cha karibu na moto, kimebonyea katikati, springi moja imechomoza upande wa kushoto. Yeyote aliyewahi kukikalia alijua kwamba mwenye nyumba si fundi makochi, au ni fundi anayetengeneza ya wengine tu. Mzee alichukua bakuli lake akala amesimama, mgongo kwa meza.

Asubuhi akamaliza yote mbele ya aproni. “Kakalia kiti chako. Sikumwambia kitu, unanijua. Mwambie wewe. Mwambie aende zake, mwenzangu. Nyumba hii ina watu wawili, mimi na wewe. Watatu wengi.”

Nyuma ya ukuta sauti ya kukariri ikakatika katikati. Mzee akadhani amechoka kula.

Tangu siku hiyo msichana alikaa pembeni kabisa mwa meza, akala haraka, akaosha bakuli lake, akaaga. Hakuuliza kitu. Mzee Nukta alikuwa amepata alichoomba, mezani kukawa kimya kitupu, kimya cha daraja la kwanza, na yeye akakaa ndani yake kama mtu aliyenunua kiatu kizuri kisichomwenea. Akakitazama kijiko. Hakuna aliyetaka kujua ni cha kazi gani. Safari moja alikisogeza mbele ya msichana, polepole, kwa kidole kimoja. Msichana akasema asante, akakitumia.

Asubuhi akawa anaiambia aproni habari za makochi tu. Aliona kwamba safari hii mwenzake hakumwelewa vizuri.

Siku ya mtihani ikapita. Siku iliyofuata chuo kikamwita mzee. Akavaa koti la mazishi, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo, akaketi mbele ya meza ya mwalimu kwenye kiti ambacho sponji yake ilikuwa imekufa siku nyingi.

“Amefaulu,” mwalimu akasema. “Amefaulu vizuri sana, tena. Ila tuna swali.”

Akasimulia. Mtahini mkuu, bwana mmoja wa tai, mwenye mke na heshima zake, alimwambia msichana aanzishe mazungumzo ya kawaida kama watu wawili waliokutana asubuhi. Wenzake wote walikuwa wameulizia hali ya hewa. Msichana akamtazama bwana yule akamuuliza ameamkaje, mwenzangu, na mbona kimya, amenuna. Akamwambia kwamba mgongo unamuua asimuulize. Akalalamika habari za wateja wanaotaka kukalia bustani. Akamwonya asikae kwenye upepo, kisha akahitimisha kwamba kahawa imechemka, wataonana kesho kama wakijaliwa. Bwana yule alishika tai yake mpaka mwisho, akasahau kuuliza maswali mengine.

“Ufasaha tumempa zote,” mwalimu akasema. “Lakini mzee, anazungumza kama mume wa mtu. Mume wa miaka mingi. Vitabu vyetu havina hayo. Tukajiuliza kayatoa wapi, maana wewe, samahani sana, amesema ni mtu wa maneno machache.”

Mzee Nukta alihisi joto likianzia shingoni. Likapanda mpaka kwenye masikio. Dirisha. Vikombe. Mkate. Chumvi. Kisha likamfika la kiti, na joto likashuka lote kwa mpigo mmoja.

“Kuna lingine,” mwalimu akaendelea. “Ameomba kuhama.”

“Amefaulu,” mzee akasema. “Mlisema aliyefaulu anabaki.” Tangu mazishi hakuwa amemwambia mtu aliye hai maneno marefu hivyo kwa mkupuo.

“Hiyo ni sheria yetu. Hili ni ombi lake. Anasema nyumba yako ina watu wawili tayari.” Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa heshima. “Umeoa tena, mzee?”

“Hapana.”

“Basi hatukumwelewa. Labda kiwango cha kati bado hakijamkaa.”

Gari la chuo lingemfuata kesho asubuhi.

Mzee Nukta alirudi nyumbani na sentensi kamili kichwani. Njiani aliipanga vizuri, ikawa na mwanzo na mwisho. Alipofika akamkuta msichana amepiga magoti juu ya sanduku akilifunga zipu, naye akampita akaenda karakana. Dada yake alimfuata hukohuko, habari ameshazipata, maana habari zilimfikia hata kabla hazijatokea. Akamuuliza mdomo ule anautunzia nini, anataka azikwe nao ungali mpya?

“Kamwambie neno, kaka. Moja tu. Mtoto wa watu.”

Mzee alichukua misumari koponi akaitia mdomoni. Karakana haikuwa na kochi hata moja la kupigilia. Akakaa hivyo, mdomo umejaa misumari, nyundo iko mezani, mpaka dada yake akachoka akaondoka.

Mezani walikula. Sanduku lilikuwa mlangoni. Msichana alisema supu nzuri. Mzee akasema ndiyo. Akafungua mdomo tena, akatia mkate.

Asubuhi akaingia jikoni kama kawaida, akafunga mlango, akaweka birika, akavuta kigoda. Nyuma ya ukuta wa mbao hapakuwa na kukariri. Palikuwa na mtu anayepumua. Kwa miezi yote ile mzee alikuwa amezungumza mbele ya sikio la mtu bila kujua, na maneno yakamwagika. Leo anajua, na ulimi ulikuwa mzito kama kochi lililolowa.

“Umeamkaje, mwenzangu,” akasema.

Aproni ilining’inia.

“Jana nimeitwa shuleni. Umri huu. Kumbe si wewe uliyefunga dirisha. Nilikusifu bure.” Akakohoa. “Kumbe hunisikii. Na mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu tulipokufukia. Nilisema tu, kwa sababu kahawa inachelewa kuchemka.”

Birika lilianza kuimba.

“Yule mtoto anaondoka. Nilikwambia umwambie aende. Sasa nimegeuza, mwambie abaki. Mwambie kiti ni kiti. Hata hivyo kilikuwa kinakuchoma, ulilalamika miaka na miaka, na mimi nakaa hapa natengenezea watu makochi. Nilikuwa nasema kesho.” Sauti ikampotea, akaitafuta, akaipata ikiwa imekonda. “Mwambie ni mimi niliyesema upumbavu. Wewe ungempa chai. Ya karafuu.”

Nje gari likapiga honi.

Mlango ukafunguliwa polepole, ukiisukuma aproni ukutani. Msichana alikuwa amevaa koti la safari. Hakumtazama mzee. Aliitazama aproni nyuma ya mlango, akaitazama kitambo, kama mtu anayepokea maagizo.

“Anasema umwambie mgeni mwenyewe,” akasema.

“Nani?”

“Mwenzako. Anasema yeye si tarishi.”

Mzee Nukta akageuka kwenye kigoda. Angeapa kwamba misumari ilikuwa bado imo mdomoni.

“Baki,” akasema.

Honi ikapigwa tena.

“Hilo ni la kiwango cha kwanza, mzee. Mimi nimefaulu cha kati.”

Kahawa ilichemka ikamwagikia moto, na kwa mara ya kwanza mzee hakuinuka kuiondoa. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. Alimtazama msichana usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mvua ya kitabuni.

“Ningependa ubaki,” akasema. “Ukibaki, ningekuwa na mtu wa kumlalamikia ambaye dirisha analifunga kweli.”

Msichana aliipima sentensi ile. Alichukua muda, bwana wa tai angemwonea wivu. Kisha akasema matamshi si mabaya, akatoka kwenda kuzungumza na dereva. Kutoka jikoni mzee alimsikia akimwambia dereva kwamba mgongo wake usiulizwe na kwamba asikae kwenye upepo, na dereva, mtu mzima, akamjibu ndiyo mama.

Aliporudi na sanduku lake, alikuta kiti cha marehemu kimepinduliwa miguu juu sakafuni. Springi ya kushoto ilikuwa imeng’olewa. Mzee Nukta alikuwa amepiga magoti kando yake, nyundo mkononi, kipande cha sponji mpya kwapani, misumari imejaa mdomoni.

“Unafanya nini, mzee?” akamuuliza.

Mzee aliinua uso. Alikuwa na kisingizio, tena cha haki, kisicho na lawama. Akakinga kiganja chini ya kidevu, akaitema misumari yote, akaifuta midomo kwa mkono wa shati.

“Kaa,” akasema, “nikueleze.”